Sanduku la Baba na Mkia wa Shati

Sanduku la Posta 27,
Kettle Hollow,
Pennsylvania.
2 Machi 2019.

Mpendwa mdogo wangu Lamar,

Hujambo huko kwenye jua lako la Arizona? Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa barazani na fulana moja, wakati dada yako anaandika akiwa amevaa soksi mbili mbili. Kifua cha Nadine kimepona? Na goti lako je, lile unalosema linakutabiria mvua katika nchi isiyo na mvua? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Theluji imefika dirishani, paka amenenepa, na jiko la kuni linakula kuliko mimi.

Ndugu yetu Harlan hajambo. Nimeliweka hilo mbele kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwa macho. Moyo wake unapiga wenyewe, na juzi alikula sahani mbili za viazi kisha akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Mtu anayelalamikia chumvi hafi leo wala kesho.

Barua yako niliipata. Umeandika kwa adabu, ila meno yako nimeyasikia yakisagika. Unauliza kwa nini nimelichoma sanduku la baba. Unauliza pia kama utie saini karatasi ya Arlene, mke wa Harlan, ile ya kumpiga binamu yetu Boyd marufuku asikanyage tena kambi ya kuwindia, maana kambi ni yetu ndugu watatu na Harlan ameshatia saini. Nitakujibu yote mawili, lakini kwa njia yangu, na wewe utulie usome mpaka mwisho.

Sanduku kwanza. Unakumbuka baba alivyokuwa akilijaza kila Oktoba: majani makavu ya chini ya mialoni, kuvu, udongo kiganja kimoja, na nguo za kuwindia zikalazwa katikati wiki nzima au mbili ili zinuke msitu. Alituambia kulungu ni mjinga wa kila kitu isipokuwa pua. Basi hiyo ndiyo dini yetu. Baba amekufa miaka kumi na tisa, lakini Harlan na Boyd wameendelea kulijaza lile sanduku kama watu wanaojaza taa ya kanisani, na ukiwauliza kwa nini, wanakutazama kana kwamba umetukana kaburi.

Kuna jambo wewe uliyehama umelisahau, kwa hiyo nitakukumbusha. Wawindaji ni watu wa ajabu na wengi wao ni wapumbavu. Mchukue Boyd. Siku tatu kabla ya msimu hanywi kahawa, hali kitunguu, anaoga kwa sabuni isiyo na harufu, anakataa hata kumbusu mkewe kwa sababu ya mafuta ya nywele. Halafu asubuhi ya kuwinda anatoa chupa mfukoni na kujinyunyizia viatu mkojo wa kulungu jike, eti kuwavuta madume. Anaununua dukani, Lamar! Mtu mzima, babu wa wajukuu wanne, anatoa pesa yake halali kununua mkojo. Na mtu huyo huyo ndiye aliyeziba pua nilipoleta dawa ya kupe.

Ilikuwa Oktoba mwishoni, tunafagia kambi. Niliweka chupa mezani. Ni dawa ya kupulizia nguo na viatu, si ya mwilini. Unazipulizia nje siku mbili kabla, unazianika, zikikauka unavaa, na kupe akizipanda anaanguka amelewa. Haina gharama ya maana wala shida.

"Dada Verna, ondoa huo uchafu," Boyd akasema. "Kulungu atatunusa toka Ohio."

"Ikikauka hainuki. Soma chupa."

"Chupa imeandikwa na mtu wa mjini."

Harlan alikuwa amepiga magoti, anajaza majani sandukuni. Hakuinua hata kichwa. "Halafu kupe gani wa sasa hivi? Barafu ishapiga mara tatu. Wamekufa wote."

"Wamekufa, wamekuletea taarifa?"

"Verna bwana, wewe chomeka suruali yako ndani ya soksi, uonekane kama mpanda baiskeli aliyeibiwa baiskeli yake. Sisi tuache tuwinde."

Wakacheka. Mtu ameishi katika msitu huu miaka sitini na moja na hajui kwamba kupe wa kulungu hafi kwa baridi ya Novemba. Siku ikipata joto kidogo tu anaamka, na hiyo ndiyo miezi ambayo wale wakubwa hupanda juu ya majani kutafuta damu. Anakaa wapi usiku wa barafu? Chini ya majani ya mialoni, penye unyevu. Hawa mabingwa wakamzoa kupe pamoja na godoro lake, wakamleta ndani, wakamlaza katika suruali zao karibu na jiko. Hata kupe mwenyewe lazima alishangaa.

Wiki ya kuwinda dubu ikafika. Harlan alizivaa nguo za sandukuni siku nne, na kwa uvivu wake najua alilala nazo. Dubu hawakumwona, wala hakuwaona. Nilimwambia ajikague: kwapani, nyuma ya magoti, mstari wa mkanda, na nguo azitie kwanza kwenye mashine ya kukaushia, joto kali, kabla hata ya kuzifua. Akanijibu kujikaguakagua ni kazi ya wanawake na nyani.

Sasa ndiyo tunafika Jumatatu ya kufungua msimu wa kulungu. Asubuhi Harlan aliamka anatetemeka, shingo imekaza, viungo vinamuuma. Akasema ni godoro. Saa mbili dume la pembe zenye ncha nane likamjia hatua arobaini, likasimama ubavu kama linapigwa picha. Harlan, ambaye hajakosa tangu utawala wa baba, akapiga risasi mti. Boyd aliona yote kutoka kwenye kituo chake, na kabla ya saa sita kila mtu kambini alikuwa ameona kwa mdomo wa Boyd.

Desturi unaijua. Anayekosa hukatwa mkia wa shati, ukapigiliwa ukutani na jina na mwaka. Wa baba upo, wa 1961. Yako ipo mitatu, usijifanye umesahau. Tulikuwa watano mchana ule: Harlan, Boyd, mimi na majirani wawili wa kambi ya bondeni. Tulimkalisha Harlan kinyume kwenye kiti, Boyd akavaa sufuria kichwani akawa jaji, supu iko jikoni. Mkia wa shati ukakatwa.

Pale juu ya mkanda, kwenye mgongo mweupe, palikuwa na duara jekundu. Lilikuwa pana kama kisahani cha chai, doa katikati, mzunguko uliofifia, halafu wekundu tena. "Harlan, nani kakuchorea shabaha mgongoni?" ikasemwa. "Kumbe wewe ndiye unayewindwa leo!" Tulicheka mpaka supu ikaungua chini. Harlan mwenyewe alicheka, maskini, huku meno yanagongana kwa homa. Kisha tukapigilia kitambaa ukutani tukala.

Nataka ulifikirie hilo, Lamar. Watu wanne ukimtoa Harlan, kila mmoja anaweza kukuonyesha tone la damu juu ya jani la kahawia akiwa amesimama, na kukuambia mnyama amepigwa ini au pafu. Watu hao wakashindwa kusoma alama ya ukubwa wa kisahani, chini ya pua zao, mchana kweupe. Kila duka la bunduki na kila duka la chambo katika wilaya hii lina picha ya duara lile mlangoni, na chini yake wameandika jina la ugonjwa wa kupe, Lyme. Tunalipita tukienda kununua risasi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Desemba nzima Harlan alikuwa mtu wa kukaa. Akipanda ngazi anasimama katikati. Arlene akamwambia nenda kwa daktari, akasema ameshazeeka na daktari hana dawa ya hiyo. Siku nne baada ya Krismasi alikuwa kwenye kibanda anakata nyama ya soseji. Arlene alisikia kisu kikianguka, halafu kitu kizito. Alimkuta chini, rangi ya majivu, macho wazi.

Moyo wake ulikuwa unapiga mara thelathini na mbili kwa dakika. Unapiga, unasahau, unapiga. Hospitali walimpitishia waya mpaka moyoni wa kuuamsha kila ukisinzia, wakaanza kutafuta mshipa ulioziba, na mshipa ulioziba hawakuupata. Nilimwona kupitia kioo. Lamar, nilidhani tumeshampoteza, na sitaki kuandika zaidi juu ya saa hizo.

Alitoka daktari mmoja, msichana mdogo, nywele amezifunga kwa kalamu. Tulikuwa kwenye korido Arlene, Boyd na mimi. Akauliza Harlan anaishi wapi na anafanya nini siku zake. Arlene akasema ni mwindaji. Yule binti akasimama wima.

"Kuna mtu aliona alama mwilini mwake tangu Oktoba? Wekundu wa mviringo?"

"Hakuna," Arlene akasema. "Angeniambia."

Kisha Boyd akavua kofia.

"Ilikuwepo, daktari. Mgongoni. Mimi niliiona. Nikaifanyia mzaha mbele za watu. Nilisema nani kamchorea shabaha."

Arlene alimgeukia polepole. "Lini?"

"Siku ya kufungua msimu."

"Wiki tano, Boyd?"

"Wiki tano."

Daktari hakungoja tumalize aibu zetu. Dripu ya dawa ilianza kabla ya saa moja kupita. Baadaye alituambia, bila ukali, na afadhali angekuwa mkali, kwamba kama Harlan angeletwa siku ile ya duara, angepewa vidonge vya wiki mbili tatu, na huenda moyo usingeguswa kamwe. Mdharau mwiba mguu huota tende, na sisi tuliudharau tukiutazama.

Siku ya mwaka mpya nilimpelekea nyama ya nguruwe na kabichi chachu, kama desturi yetu, ili mwaka usimpite bila bahati. Walimkatalia kula, wakamruhusu kunusa. Siku ya tano moyo ukaanza kukumbuka kazi yake, siku ya saba waya ukatolewa. Unajua alisema nini tulipomweleza kilichomwangusha? "Kupe? Kupe mmoja?" Aliudhika, Lamar. Alikuwa na sura ya mtu aliyestahili dubu akaletewa chawa. Nikamwambia ashukuru hawakuwa wawili.

Basi Januari nilikwenda kambini peke yangu nikafungua sanduku. Nilitandaza shuka jeupe mezani, nikakung'uta suruali ya sufu ya Harlan, ile iliyokuwa ya baba. Wakaanguka wawili. Wadogo kama mbegu za ufuta, nje ni baridi ya kupasua mawe, na wao, baada ya dakika chache za joto la jiko, miguu inachezacheza. Walikuwa wanangoja mtu avae. Nililiburuta sanduku mpaka kwenye theluji, na majani yake na suruali yake na miaka yake sitini, nikalitia moto. Boyd alifika likiwa nusu. Alilia kama mtoto, nami nilimdharau kwa hilo pia. Kile kibati cha shaba chenye jina la baba nilikibandua kabla. Kimo humu ndani ya bahasha, ni chako.

Umepata jibu la kwanza. La pili ni gumu zaidi, na nimechemsha chai mara mbili kabla ya kulifikia.

Nimemtukana Boyd kurasa nzima na ningeweza kuendelea mpaka wino uishe. Mkojo wake wa dukani sitausahau. Lakini maneno yale ya shabaha hayakuwa yake. Yalikuwa yangu. Unajua baba aliacha mkasi wake wa kukatia mashati kwa nani. Mimi ndiye niliyelishika shati, mimi ndiye niliyekata, na uso wangu ulikuwa karibu na lile duara kuliko uso wa mtu yeyote. Mimi, mwenye chupa yangu na soksi zangu na mahubiri yangu. Nilikuwa nimefurahi mno kumwona fundi wa kujua kila kitu amekosa, nikatafuta la kuwachekesha watu, nikalipata. Nyani haoni kundule.

Na kwenye korido daktari alipouliza, nilijua. Arlene alikuwa ananitazama, nami nilikuwa nimeshamwambia wifi yangu mara kumi siku ile kwamba niliwaonya wakanicheka. Boyd alinitazama mara moja tu, halafu akavua kofia. Nilimwacha aseme. Nimemwacha miezi miwili. Arlene akaacha kumpokea simu, akaandika ile karatasi, Harlan akatia saini akiwa bado kitandani, na Boyd hajafungua mdomo, hata kwako, na wewe ulimpigia mwenyewe kumuuliza.

Nilimfuata gereji kwake nikamuuliza kwa nini.

"We ungesema mwishowe," akanijibu, kichwa kiko chini ya gari. "Ila daktari alikuwa anauliza sasa hivi."

Ndiyo jibu lote. Sikuweza kumdharau kwa hilo, ingawa nilijaribu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Arlene baada ya ibada. Harlan alikuwa amelala chumbani. Nilisema yote nikiwa nimesimama na koti langu. Alinisikiliza bila kuacha kumenya viazi. Alipomaliza kimoja akakiweka majini, akasema, "Basi, wifi, leo siwezi kukuambia ukae tule." Nikaondoka. Jumanne Boyd alikuta pai tamu ya molasi, ya Arlene, mlangoni kwake, bado ina moto. Mimi sijaletewa kitu na sitarajii. Kwa hiyo karatasi ile ichane. Kama Arlene ataandika nyingine yenye jina langu, isome vizuri, na usinionee huruma.

Juzi Boyd na mimi tulikwenda kambini. Nilimpa mkasi, nikakaa kinyume kwenye kiti kile kile. Hakuvaa sufuria. Alinikata mkia wa shati umepinda, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike Verna, 2018. Upo ukutani sasa, kando ya wa Harlan. Yeye alikosa kwa hatua arobaini. Mimi nilikosa nikiwa nimelishika shati lake.

Novemba uje. Chupa ya dawa imo kwenye kifurushi kitakachofuata barua hii. Pulizia nguo zako nje, zikauke siku mbili, na paka wa Nadine asizikaribie zikiwa mbichi. Leta kibano chenye ncha nyembamba. Jioni tutakaguana migongo, wanaume kwa wanaume, na wangu nitamwomba Arlene autazame, kama atakuwa ameniruhusu kukaa mezani kwake. Atakayesema ni kazi ya nyani atalala kwenye gari.

Nisalimie Nadine na binti yenu Tricia, na umwambie Tricia sweta ninayomfumia imebaki mkono mmoja. Boyd anakusalimu. Harlan anakusalimu, anasema usilete ile pilipili yenu. Arlene hajaniambia nikusalimu, lakini najua anakukumbuka.

Mungu awalinde mnapolala na mnapotoka, awape macho ya kuona kilicho karibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye shati fupi,

Verna